Lincoln Continental ya 1961–1969 katika gereji ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye Lincoln Continental (Lincoln ni jina la magari ya kifahari ya Ford) ya milango minne, ile ambayo milango yake ya nyuma ina bawaba upande wa nyuma, na anataka kuliboresha gari lake mwenyewe nyumbani. Maswali yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale ya wachache. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: katika gari hili milango ndiyo kila kitu, na milango haiwezi kukaa sawa kama bodi imeoza au imepinda. Kwa hiyo kazi huanza chini, kwenye sakafu na kingo, ikapanda kwenye breki, kisha milango. Rangi ni ya mwisho.

## Kulijua gari lenyewe

1. Kwa nini milango ya nyuma inafunguka kinyume?

Ni kwa sababu ya miguu ya abiria. Umbo la gari hili lilichorwa Ford chini ya Elwood Engel, na mwanzoni lilikuwa pendekezo la Thunderbird, gari jingine la Ford, ya mwaka 1961. Robert McNamara, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa kampuni kabla ya kwenda kuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, alilipenda akataka liwe Lincoln ya milango minne. Likarefushwa, lakini si sana: kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni inchi 123, yaani kama sentimita 312. Kwenye mfano wa majaribio, aliyekuwa akishuka kutoka kiti cha nyuma aligonga mlango kwa kiatu. Dawa ikawa kuhamishia bawaba nyuma ili mlango umwachie abiria nafasi ya kutoka.

Hilo lina maana kwa kazi yako. Milango ile haikuwekwa kwa mbwembwe, iliwekwa kwa sababu nafasi ni finyu. Ukibadilisha viti vya nyuma ukaweka vinene zaidi au vilivyosogea mbele, unairudisha shida ileile.

2. Miaka yote tisa ni gari moja?

Kwa mbali, ndiyo. Kwa vipuri, hapana, na watu wengi hupoteza fedha hapa.

Magari ya 1961 hadi 1963 ndiyo mafupi zaidi, na vioo vyake vya pembeni vimepinda. Mwaka 1964 umbali wa magurudumu ukafika inchi 126 na vioo vya pembeni vikawa bapa, kwa hiyo kioo cha mlango cha 1963 hakiingii kwenye gari la 1964. Mwaka 1965 zikaja breki za diski mbele. Mwaka 1966 bodi ikabadilishwa ikawa kubwa zaidi, injini ikapanda kutoka inchi za ujazo 430 hadi 462, na kukatolewa pia toleo la milango miwili, ambalo milango yake hufunguka kama ya gari lolote. Toleo la paa la turubai lilikoma 1967. Katikati ya msimu wa 1968 injini ikawa 460, na 1969 ndio mwaka wa mwisho wa milango hii.

Ukiagiza kipuri chochote cha mlango, taja mwaka, taja kama ni sedani au la turubai, kisha taja upande. Usitosheke na maneno "inaingia miaka yote".

3. Gari hili lina chasisi?

Halina chasisi iliyotengana na bodi. Sakafu, kingo za chini ya milango, nguzo na kuta za mbele zimeunganishwa zikawa kitu kimoja kinachobeba uzito wote, na uzito wenyewe ni zaidi ya tani mbili. Kwenye lori la zamani kutu ya sakafu ni aibu tu. Hapa kutu ya sakafu na kingo ni sawa na chasisi iliyokatika.

4. Nikague nini kabla ya kununua, nikiwa sina vifaa vya maana?

Unahitaji jeki, tochi na mikono yako.

Fungua mlango wa nyuma nusu, ushike ukingoni upande wa kitasa, uuinue taratibu. Mlango wenye afya haupandi. Ukipanda huku ukisikia "tok" kwenye bawaba, pini zimelika. Ukipanda bila mlio huku bati la nguzo likijikunja kidogo, hapo pameoza ndani, na hilo ni tatizo kubwa zaidi.

Kisha funga milango yote na uangalie nafasi kati ya mlango na mlango, na kati ya mlango wa nyuma na ubavu wa gari. Inua mbele kwa jeki upande mmoja hadi gurudumu liache ardhi, uangalie tena. Nafasi ikibadilika kwa macho, au mlango uliokuwa ukifunguka vizuri sasa unakwama, bodi inapinda. Kwenye gari la turubai kubadilika kidogo sana kunavumilika. Kwenye sedani hakuvumiliki.

Mwisho lala chini utazame kingo za chini ya milango na matundu ya kutolea maji. Matundu yaliyozibwa kwa puti au rangi nzito ya chini yanakuambia kuna mtu alificha kitu.

## Milango

5. Mlango wa nyuma umeshuka. Nirekebishe kitasa au bawaba?

Bawaba kwanza, siku zote. Mtu akiona mlango haufungi hukimbilia kusogeza kipokeo cha kitasa kwenye nguzo ya kati, na mlango unaanza kufunga. Lakini sasa kitasa ndicho kinachoubeba mlango kila unapofungwa, na kitasa hakikutengenezwa kubeba uzito. Kitalika, na siku moja kitaachia.

Kabla ya kulegeza bolti hata moja, fanya jambo hili dogo: toboa tundu la milimita 3 kupitia bamba la bawaba hadi kwenye nguzo, matundu mawili kwa kila bawaba. Siku ya kurudisha, unapitisha misumari miwili kwenye matundu hayo na bawaba inakaa pale pale ilipokuwa. Halafu bandika utepe wa karatasi tabaka mbili tatu kwenye kingo zote za mlango na za ubavu. Mlango ni mzito, hivyo awe mtu wa pili wa kuushika, au weka jeki ya magurudumu yenye ubao na blanketi juu yake.

Jambo jingine la kukumbuka: nyaya za kioo cha umeme za mlango wa nyuma hupita upande wa bawaba, yaani nyuma. Zimejikunja na kujikunjua hapo tangu miaka ya sitini. Mlango ukiwa nje ndio wakati wa kuzibadilisha.

6. Nikipanga milango, nianze na upi?

Anza nyuma uje mbele. Ubavu wa nyuma umechomelewa, hausogei, kwa hiyo ndio kipimo. Panga mlango wa nyuma kufuata ubavu. Mlango wa nyuma ukikaa, panga wa mbele kuufuata huo. Kisha madigadi ya mbele, na boneti mwisho. Aliyezoea magari ya kawaida hutaka kuanza na mlango wa mbele. Kwenye gari hili akifanya hivyo, makosa yote madogo yatajikusanya kwenye mstari wa katikati, pale milango miwili inapokutana na macho yote yanapotazama.

Fanya kazi hii gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake au kwenye stendi zilizo chini ya ekseli, wala si kwenye stendi za katikati ya bodi. Mpira mpya wa kuzuia maji uwekwe baada ya mpangilio wa kwanza, halafu upange tena, kwa sababu mpira mpya huusukuma mlango nje. Mpe muda. Mpira hulala baada ya wiki kadhaa za mlango kufungwa, kwa hiyo usikimbilie kusogeza bawaba kwa kosa ambalo mpira utalimaliza wenyewe.

7. Ni kweli milango hii ni hatari? Wamarekani wanaiita ya kujiua.

Hatari ipo na inaeleweka. Mlango wa kawaida ukifunguka gari likiwa kwenye mwendo, upepo unausukuma urudi. Mlango wenye bawaba nyuma ukifunguka, upepo unaukamata na kuufungua wote, na aliyeshika mkono wa ndani anaweza kuvutwa nje nao. Jina hilo baya lilitokana na magari ya miaka ya 1930, wakati vitasa vilikuwa dhaifu na mikanda haikuwapo.

Ford walilijua hilo, ndiyo maana waliweka taa ya onyo kwenye dashibodi inayowaka mlango usipofungwa sawasawa. Kama taa hiyo haifanyi kazi kwenye gari lako, itengeneze kabla ya kufikiria redio. Magari mapya yenye milango ya aina hii yana sharti zaidi: kanuni za kimataifa zinataka mkono wa ndani usifanye kazi gari likifikia kilomita 4 kwa saa.

Kwa wenye magari madogo ya Ulaya kama Fiat 500 ya kabla ya 1965, au Citroën 2CV za mwanzo, kumbukeni kwamba kwenu milango ya mbele ndiyo yenye bawaba nyuma, na anayekaa karibu nayo ni dereva. Yote yanayosemwa hapa kuhusu vitasa yanawahusu hata zaidi.

8. Naweza kuongeza kinga ya namna hiyo kwenye gari la zamani?

Unaweza, na kama unabeba watoto ningesema ni lazima. Njia rahisi ni selenoidi (kisukumio cha sumaku ya umeme) ndogo ndani ya mlango inayozuia fimbo ya mkono wa ndani isisogee. Umeme wake uongozwe na swichi ya gia, ile inayozuia gari kuwaka likiwa kwenye gia, kupitia relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya kugeuza. Gia ikiwa kwenye P (kuegesha) au N (huru), mkono unafanya kazi. Ukiitoa hapo, mkono unakufa.

Chagua selenoidi ambayo umeme ukikatika inaachia, isiwe ile inayobana. Ajali ikikata betri, mtu wa nyuma lazima aweze kutoka. Mkono wa nje usiuguse kabisa, ubaki wa kimakanika ili mwokoaji aweze kufungua.

9. Kwenye gari langu la turubai, kioo cha nyuma hushuka chenyewe nikifungua mlango. Ni ubovu?

Hapana, ndivyo lilivyoundwa. Sedani ina nguzo nyembamba katikati. Gari la turubai halina nguzo juu ya kiuno, kwa hiyo kioo cha mbele na cha nyuma hukutana moja kwa moja, na cha nyuma hushuka kidogo ili kisikwaruzane na mwenzake mlango unapofunguliwa. Kisiposhuka ndio ubovu. Usiulazimishe mlango, utavunja kioo au kuchana mpira. Angalia swichi ya mlangoni, kisha relei, kisha nyaya za kwenye bawaba (swali la 5).

10. Nataka kuondoa mikono ya nje milango ibaki laini. Unashauri?

Sishauri. Mikono ya mbele na ya nyuma imewekwa jirani katikati ya gari, na mtu akiliona gari kwa ubavu hiyo ndiyo inayomwambia kuwa milango hii inafunguka kama kabati. Ukiiondoa umefuta sahihi ya mchoraji.

Ukiamua hata hivyo, mambo mawili hayana mjadala. La kwanza, kila mlango wenye selenoidi ya kufungulia uwe na waya wa kuvuta kwa mkono uliofichwa mahali unapofikika kutoka nje, maana betri itakufa siku moja. La pili, umeme wa kufungulia upitie swichi ya gia kama ilivyoelezwa kwenye swali la 8, ili kitufe kikibonyezwa kwa bahati mbaya barabarani kisifungue mlango wa nyuma.

## Kutu, kuchomelea na rangi

11. Nimekuta kingo za chini ya milango zimeoza. Naweza kukata na kuchomelea mwenyewe?

Ukiwa na mashine ya MIG (ya kuchomelea kwa waya) na subira, ndiyo. Ila kabla ya kukata, zuia matundu ya milango yasibadilike umbo. Chukua bomba la chuma la mraba, lichomelee kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, na jingine kwa mshazari. Kwenye sedani funga pia kwenye nguzo ya kati. Kwenye gari la turubai ongeza bomba la kuvuka kutoka upande hadi upande. Pima mishazari ya kila tundu la mlango, andika vipimo kwa kalamu kwenye bati lenyewe, upime tena kila baada ya hatua.

Kata kipande kimoja, chomelea, kipoe, ndipo uende kingine. Upande mmoja uishe kabla ya kugusa wa pili. Tangi la mafuta na mabomba yake yatoke nje ya gereji kabisa, hata kama unachomelea mbele. Betri itoke. Mazulia yatoke. Mtu wa pili akae na kizimamoto, na baada ya cheche ya mwisho usiondoke kwa muda wa kutosha, kwa sababu moto huanza polepole ndani ya pamba za viti na lami ya sakafu.

Mabomba ya muda uliyochomelea usiyaondoe hadi milango imerudi mahali pake na inafunga. Nasisitiza hilo kwa sababu hamu ya kuona gari "safi" huwafanya watu wayakate siku hiyohiyo.

12. Kuna kitu laini cha kijivu kwenye maungio ya bodi. Ni puti?

Huenda ni madini ya risasi. Viwandani enzi zile maungio ya paa na ubavu yalizibwa kwa risasi iliyoyeyushwa, na rangi za wakati huo nazo zinaweza kuwa na risasi. Usiisage kwa grainda. Msasa wa maji, barakoa ya vumbi ya daraja zuri, nguo za kazi zisiingie sebuleni, na watoto wakae mbali. Kama ungio liko imara, liache. Risasi ya kiwandani iliyoshika ni bora kuliko puti mpya.

13. Naweza kupiga rangi nyumbani?

Praima, msasa na kunyoosha unaweza kufanya nyumbani kwa raha zako, na hapo ndipo ubora wa rangi unapatikana. Gari hili lina mabavu marefu yaliyonyooka na mstari wa kromu juu yake, hivyo bonde la nusu milimita linaonekana kutoka ng'ambo ya barabara, na kwenye rangi nyeusi linaonekana maradufu. Tumia ubao mrefu wa msasa, si kiganja, na upige msasa milango ikiwa imefungwa mahali pake ili ubavu wote uwe uso mmoja.

Rangi ya mwisho ni habari nyingine. Rangi za kisasa zenye kigumu zina aisosaineti, kemikali inayoweza kukuachia pumu ya maisha, na huisikii kwa harufu kabla haijakudhuru. Barakoa ya chujio si kinga ya kutegemea hapo, inatakiwa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Gereji iliyoungana na nyumba hupeleka mvuke huo hadi vyumbani. Miji mingi ya Marekani pia ina masharti yake. Nyoosha mwenyewe, kisha kodi chumba cha rangi au mpe fundi wa rangi kazi ya siku moja. Fedha utakazookoa kwenye kunyoosha zitatosha kumlipa.

## Breki, kimo, injini

14. Breki za kiwandani zinatosha?

Kama gari ni la kabla ya 1965, lina drami magurudumu yote manne na masta silinda (pampu kuu ya breki) ya njia moja. Bomba moja likipasuka, breki zote zimekwenda, kwenye gari la zaidi ya tani mbili. Kwangu hili ndilo badiliko la kwanza la kufanya kabla ya lolote linaloonekana kwa macho: masta silinda ya njia mbili, mabomba mapya yote, mipira mipya yote. Diski za mbele zinafuata. Magari ya 1965 na 1966 yana diski mbele lakini yanahitaji njia mbili vilevile.

Vumbi la breki za zamani usilipulize kwa kompresa. Linaweza kuwa na asbestosi. Lilowanishe, lifute kwa kitambaa, kitambaa kiende kwenye mfuko uliofungwa.

15. Nataka gari likae chini. Nikate springi?

Usikate. Mbele kuna springi za koili zilizokaa juu ya mkono wa juu. Nyuma kuna springi za mabamba kama za lori. Kwa kushusha kidogo, nunua koili fupi za mbele na vipande vya kushushia vya nyuma. Kazi hiyo unaweza kuirudisha nyuma jioni moja ukibadili mawazo.

Mifuko ya upepo ndiyo inayopendwa, na kweli gari hili likilala chini huku milango minne ikiwa wazi, watu husimama. Ila nyuma utalazimika kuondoa mabamba na kuchomelea mikono mipya ya kushikilia ekseli. Mzigo wote wa breki na mwendo utapita kwenye bati la sakafu, na sakafu hiyo ndiyo ileile ya swali la 3. Mahali pa kushika paimarishwe kwa bamba nene lililotandazwa, na mtu anayejua bodi za namna hii aikague kazi kabla gari halijatoka. Kisha rudia jaribio la jeki la swali la 4. Mlango ukikwama, mikono imewekwa vibaya.

16. Rimu za aina gani zinaingia?

Bolti tano kwenye duara la inchi 5, yaani milimita 127. Kagua uzito unaobebwa na rimu na tairi, si kipenyo tu. Tairi za magari madogo hazifai hata zikiingia.

17. Nibadilishe injini?

Kama inafanya kazi, iache. Injini ya 430 na ya 462 ni nzito na zina kiu, lakini ni za kimya na zinavuta kutoka chini kabisa, tabia inayolifaa gari hili. Zina mgandamizo mkubwa, zinataka petroli ya daraja la juu. Kinachofaa zaidi kwa fedha yako ni rejeta iliyosafishwa, kabureta iliyofunguliwa, mabomba mapya ya mafuta na mfumo wa kuwasha usio na platini. Ikiwa injini imekufa kabisa, ya 460 ina vipuri tele, ila ni ya ukoo mwingine. Kwenye gari la kabla ya 1968 andaa vishikio vipya, na pitia swali la 18 kwanza.

18. Kwa nini waipa zangu zinavuja mafuta?

Kwa sababu hazina mota ya umeme. Waipa za magari haya huendeshwa kwa mafuta yenye shinikizo kutoka pampu ya sterini (usukani). Ni ubunifu mzuri, zinakwenda kimya na unaweza kuzipunguza mwendo utakavyo. Lakini mpira ukichakaa, sterini na waipa vinaathirika pamoja.

Hili huwakamata wanaobadilisha vitu bila kufuatilia bomba linakokwenda. Ukiweka sterini ya umeme, umeziua waipa. Ukibadilisha injini bila kurudisha pampu, umeziua waipa. Kama mpango wako una mojawapo, nunua mota ya waipa ya umeme kabla hujaanza, au ibakize pampu ya zamani.

## Waya na ndani

19. Nyaya za zamani niziache?

Zilizo laini na zenye gamba zima, ziache. Zilizokauka zikavunjika ukizikunja kidoleni, badilisha furushi zima badala ya kuunga vipande. Vifaa vipya kama feni ya umeme, redio na pampu ya upepo vipewe njia yake yenye fyuzi na relei moja kwa moja kutoka betri. Paa la turubai lina relei na swichi nyingi zinazofanya kazi kwa zamu, moja ikigoma zote zinasubiri. Pata mchoro wa nyaya wa mwaka wako hasa, usibahatishe kwa kuruka swichi, paa litajikunja lenyewe kwa lenyewe.

20. Mikanda ya usalama?

Sheria ya Marekani ilianza kudai mikanda kwenye magari mapya tarehe 1 Januari 1968, kwa hiyo gari lako linaweza kuwa halina. Weka ya tumboni angalau, kwa viti vyote. Bolti za mikanda ni za inchi 7/16 zenye meno membamba, na chini ya sakafu weka bamba la chuma, si washa tupu. Kwa mlango wenye bawaba nyuma, mkanda ndio unaomweka mtu ndani ya gari ikiwa kitasa kitashindwa. Spana za milimita hazitakusaidia popote kwenye gari hili, nunua za inchi.

## Hali zisizo za kawaida

21. Gari langu ni jingine, lina milango ya kawaida. Naweza kuigeuza ifunguke kinyume?

Inawezekana na vifaa vinauzwa, lakini hii si kazi ya kwanza ya mtu. Nguzo ya nyuma ya mlango iliundwa kupokea kitasa, sasa unaitaka ibebe mlango mzima ukiwa umening'inia. Lazima ifunguliwe, iwekewe bamba nene au bomba ndani, lichomelewe hadi chini kwenye sakafu. Kitasa kihamie mbele, kiwe cha kukamata pande mbili, na kiwe na hatua ya kwanza ya usalama, ile inayoushikilia mlango hata usipofunga hadi mwisho. Yaliyosemwa kwenye maswali ya 7 na 8 yanakuwa masharti. Kama hujawahi kubadilisha ukingo mmoja uliooza, anza na huo.

22. Nina sedani. Nikikata paa si nitapata la turubai?

Hutapata. La turubai liliimarishwa chini kiwandani, na paa lake hujifunga ndani ya buti kwa mitambo ambayo sedani haina. Ukikata paa la sedani, milango minne itaanza kugombana siku ya kwanza. Uza sedani, nunua la turubai bovu.

23. Naweza kuligeuza liwe la umeme?

Kwa nafasi iliyopo chini ya boneti na kwenye buti, ndiyo. Ila orodhesha vyote vinavyoitegemea injini: pampu ya sterini, waipa (swali la 18), nguvu ya breki inayotokana na mvuto wa hewa, joto la ndani, na hata kufuli za milango kama zako ni zile zinazovutwa kwa hewa. Kila kimoja kinahitaji mbadala. Betri zigawe mbele na nyuma, uzito ukilala upande mmoja milango itakueleza.

24. Sheria na bima zinasemaje?

Inategemea unapoishi. California haipimi moshi wa magari ya petroli ya 1975 na nyuma, lakini kila jimbo la Marekani lina kanuni zake za ukaguzi na usajili. Uingereza husamehe ukaguzi wa kila mwaka kwa gari lililotimiza miaka 40, isipokuwa limefanyiwa mabadiliko makubwa. Ujerumani hutoa namba yenye herufi H kwa gari la miaka 30 lililo karibu na hali yake ya asili, na mifuko ya upepo inaweza kukunyima.

Kwa bima, tafuta ya thamani mliyokubaliana mapema, upeleke picha na risiti za kila hatua. Usiyaeleze mabadiliko nusunusu, dai lako linaweza kukataliwa.

25. Nikimaliza, naweza kulipeleka Mombasa au Dar es Salaam?

Uliza kabla ya kulipia meli. Kenya ina kikomo cha miaka 8 kwa magari yaliyotumika yanayoingizwa, na usukani wa kushoto una vizuizi vyake, kwa hiyo usitegemee neno la dalali. Pata jibu la maandishi kutoka KEBS (shirika la viwango la Kenya) na idara ya forodha. Tanzania hutoza ushuru wa ziada wa uchakavu kwa magari ya zamani, nao huhesabiwa juu ya thamani wanayoikadiria wao, si ile uliyolipa wewe. Weka risiti za gari lenyewe kando na risiti za vipuri ulivyoongeza, na ulisafirishe milango ikiwa imefungwa na kufuli, kamba zikifungwa kwenye ekseli. Kamba ikipitishwa kwenye nguzo ya kati itaharibu mpangilio wote wa swali la 6 kabla meli haijaondoka bandarini.